Mkono wa Syokau

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, Syokau alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake, na dada yake Ivyne akabaki darasani na zake.

Ni watoto wa mama mmoja. Wanalala kitanda kimoja katika nyumba ya vyumba viwili huko Mountain View, upande ule unaokaribia Kangemi. Ivyne ana miaka tisa. Baba yake ni Mholanzi aliyekuja Bungoma na mradi wa visima, akaondoka mradi ulipokwisha, na tangu hapo hajaandika wala kupiga simu. Syokau ana miaka saba. Baba yake ni Kaindi, fundi wa stima, aliyemwoa mama yao wakati Ivyne alikuwa bado anatambaa. Watoto wote wawili humwita baba, naye huitika kwa sauti ileile.

Mama yao ni Everlyn Nanyama. Namfahamu kwa sababu tunasali kanisa moja, na mengi ya haya ameniambia mwenyewe, polepole, kama mtu anayetua mzigo kipande kwa kipande.

Siku hiyo ya Septemba nywele za Ivyne, ambazo hushuka mpaka mabegani, zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa rangi ya sare. Za Syokau zilikuwa zimesukwa mistari minne, zimelala vizuri kichwani. Sheria ya shule ilisema wasichana wakate nywele ziwe fupi. Haikusema wasichana gani.

Nanyama aliomba ruhusa kazini akaenda kuuliza. Mwalimu mkuu alimpa kiti na kumsemesha kwa upole.

"Mama Ivyne, usichukulie vibaya. Hiyo sheria ni ya nywele zetu hizi. Hizi zetu zinasumbua. Za Ivyne ni laini, hata yeye mwenyewe anazichana."

"Kwa hivyo Syokau akuwe na baba mzungu ndio asome?"

"Sasa unaifanya iwe siasa."

"Mimi nauliza tu, mwalimu."

"Hata wewe ukiangalia, nywele kama zile utakata kweli? Ni dhambi."

Mwalimu akacheka kidogo, akingoja mgeni wake acheke naye. Nanyama aliinuka akaenda. Jioni hiyo Syokau alipelekwa kwa kinyozi akanyolewa ili arudi darasani kesho yake. Aliporudi nyumbani aliuliza jambo moja tu: Ivyne atanyolewa lini.

Wala isidhaniwe kwamba Ivyne alikuwa anafurahia upendeleo ule. Kila mgeni alipofika, awe mkaguzi au mchungaji, Ivyne ndiye aliyesimamishwa mbele kukariri shairi, hata kama hakulijua. Wenzake walimwita mzungu wa Kangemi. Walimwuliza ndege ya baba yake inatua lini. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake karibu na tangi la maji, na utepe wake.

Wengi wetu tunadhani ubaguzi ni kumnyima mtu. Kumpa mmoja kupita haki yake mbele ya ndugu yake ni ubaguzi vilevile, na huu wa pili hauna wa kuulalamikia, kwa kuwa anayepewa anaonekana amebarikiwa na anayenyimwa anaambiwa mambo ni ya kawaida.

Nanyama aliamua kwamba mwaka mpya hautawakuta watoto wake pale. Alichotaka kilikuwa kimoja: shule ambayo wasichana wake wawili wangeingia kwa mlango mmoja na kuwekwa chini ya sheria moja. Kuanzia hapo kila Jumamosi mchana, baada ya kazi, alizunguka na watoto wawili na chupa moja ya maji.

Shule ya kwanza haikuwa mbali. Ni shule ndogo hapohapo Mountain View, majengo ya mabati na mawe, uwanja wa udongo mwekundu uliofagiwa. Mwenyewe ni Mwalimu Muthoni, mwanamke wa makamo ya mwisho, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye alistaafu shule ya serikali akaanzisha yake. Hakuwapa viti. Alikuwa anahesabu madawati, akaendelea kuhesabu.

"Wawili?"

"Wawili, mwalimu."

"Nywele inakatwa. Huyu na huyu."

Nanyama alimtazama Ivyne, kisha akamtazama mwalimu. "Hata huyu wa nywele laini?"

"Chawa haulizi baba ni nani."

"Mwalimu, nilikuwa nauliza tu."

"Na mimi nimejibu tu. Kama inakuuma, mlango ni ule umeingilia."

Nanyama aliumia. Alitoka akiwashika watoto mikono, akamwambia Kaindi jioni kwamba mwanamke yule hana adabu, kwamba mtu hawezi kumtaja baba wa mtoto wa wenyewe pamoja na chawa. Kaindi alisema kweli, hana adabu. Jambo likaishia hapo. Nanyama hakujiuliza kilichomuuma hasa ni maneno au ni mkasi.

Shule ya pili ilikuwa Lavington. Mtu wa kazini alikuwa amemwambia kwamba huko kuna watoto wa kila rangi, Wahindi, Wakorea, Wasomali, watoto wa mabalozi, na kwamba shule ile huwa na msaada wa karo kwa wachache. Walipanda barabara ile ya kuta ndefu na maua yanayoning'inia juu ya seng'enge, wakafika kwenye geti jeusi. Bawabu alikuwa Mbukusu mwenzake, Were, mtu mzima mwenye masharubu.

"Mulembe, mayi," akamsalimia mama huyo kwa lugha yao. "Umeleta watoto wa nani?"

"Wangu."

"Si nauliza mwenye hawa ni nani."

"Ni mimi, Were. Nimezaa wote."

Were akamtazama Ivyne kwa muda. "Mayi, mimi nimefungua hili geti miaka mingi. Hapa mama huja na gari, na yaya huja na miguu. Wewe umekuja na miguu. Usinikasirikie, wataniuliza."

"Waambie ni mama."

"Nitawaambia. Wakikataa kuamini usirudi kunigombeza."

Ndani walipokewa vizuri. Lazima niseme ukweli huo. Mwanamke wa usajili aliinama akamsalimia Ivyne kwa Kiingereza, akampa juisi, akamsifu macho. Alieleza kwamba shule inapenda kupata watoto kama yeye, wenye historia ya mchanganyiko lakini wanaotoka familia za kawaida, na kwamba angeweza kuombewa nafasi ya msaada. Kisha akamgeukia Syokau, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu haifiki chini.

"Na huyu mdogo ni wa jirani?"

"Ni dada yake," akasema Nanyama.

"Ooh. Pole." Akatabasamu, akafunga faili. Nafasi ya msaada ilikuwa moja.

Walipokuwa wakirudi Syokau aliuliza ni jirani yao gani aliye na mtoto kama yeye. Nanyama alimwambia anyamaze atembee. Baadaye, aliponisimulia, alisema kwamba miguu ilikuwa inamuuma, na kwamba mtu akichoka sana hata ukweli anauona kama usumbufu.

Zilifuata nyingine. Moja ilitaka kuandikiwa barua na baba Mholanzi. Nyingine ilisema Ivyne aje, Syokau asubiri mwaka. Katika nyingine mwalimu alikuwa mwema, lakini watoto waliokuwa uwanjani walikusanyika wakaanza kuzishika nywele za Ivyne kama watu wanaopima kitambaa sokoni, na mwalimu mwenyewe akanyoosha mkono naye akazishika.

Ndipo wakafika kwenye geti la kijani.

Shule hii iko ng'ambo ya Waiyaki Way, jengo jipya la ghorofa tatu ambalo rangi yake ilikuwa bado inanukia. Mkurugenzi wake, Bwana Thuo, mwanaume mnene mwenye sauti ya kutuliza, alikuja mwenyewe mpaka getini. Alimshika Ivyne mkono. Akamshika Syokau mkono. Nanyama aliliona hilo la pili na likamlegeza moyo.

"Mama, hapa kwetu hakuna rangi. Kuna watoto tu."

"Na karo, Bwana Thuo?"

"Tutaongea. Shule ni mpya, tunataka familia nzuri. Wote wawili nitawapunguzia."

"Wote wawili?"

"Si ni ndugu?"

"Na nywele?"

"Nywele ni fupi. Wasichana wote. Sipendi mambo ya mapambo."

Siku hiyohiyo palikuwa na mpiga picha. Wasichana walivalishwa sare kutoka stoo, koti la kijani na soksi ndefu, wakasimamishwa kwenye ngazi na kuambiwa washikane mikono. Ivyne alitabasamu kwa mdomo uliofungwa, kama alivyozoea kutabasamu kwa wageni. Syokau alicheka wazi, pengo la meno mawili ya mbele likaonekana. Nanyama alisimama nyuma ya mpiga picha akiwa ameshika nguo zao za nyumbani. Aliniambia kwamba hajawahi kuwaona wakipendeza namna ile.

Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda. Nilikuwepo. Alisimama mbele ya kanisa, akasema Bwana amewapa watoto wake shule isiyo na rangi, akaitaja kwa jina, akataja na punguzo. Tukapiga makofi. Mchungaji akawaita wasichana mbele akawaombea. Kuna kosa katika desturi yetu hii, nami nimelisema mara nyingi bila kusikilizwa: tunashuhudia mavuno kabla ya kupalilia. Mtu akishatoa ushuhuda hawezi tena kurudi nyuma bila kuonekana amemwaibisha Mungu. Nanyama alikuwa amejifunga kwa kinywa chake mbele ya watu wote wanaomjua.

Sasa niseme kazi yake. Nanyama ni mkataji na mfungaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabomba na mifereji. Karatasi zikitoka kwenye mashine ya kuchapa, humfikia yeye. Hupanga rundo, hulinganisha alama za pembeni, hushusha kisu cha mashine ya kukata. Kuanzia mwezi wa kumi mtaa ule wote hunuka wino, maana kila duka la dawa, kila sacco na kila shule inataka kalenda. Za shule zinafanana. Mbele huwa na mtoto mmoja anayeng'aa kuliko wengine, Mhindi au chotara, na nyuma yake, wadogo, wale wengine. Nanyama alikuwa amewakata watoto hao miaka mingi bila kuwatazama usoni. Anayekata hutazama pembeni, si katikati.

Wiki ya pili ya Novemba, Okinyi, mwenye kiwanda, alimletea rundo jipya juu ya meza.

"Hii ni ya haraka, Mama Ivyne. Mteja anakuja kesho."

Aliona koti la kijani kwanza. Kisha akamwona Ivyne, mkubwa, akijaza ukurasa mzima wa mbele, nywele zimefunguliwa utepe na kumwagwa mabegani. Hakukumbuka nani aliufungua. Chini ya picha kuliandikwa kwamba shule ni ya watoto wote wa dunia.

Syokau hakuwepo. Aliyetengeneza picha alikuwa amemwondoa, ila hakumwondoa mzima. Pembeni kabisa, ukingoni mwa karatasi, mkono mdogo mweusi ulikuwa umeshika mkono wa Ivyne. Ulitokea kwenye weupe wa karatasi ukakomea kwenye kifundo.

Okinyi aliuwekea kidole. "Huu, mteja ameuona kwa sampuli, hautaki. Usifuate alama. Ingia ndani kidogo uutoe."

Nanyama aliinamia ile karatasi.

"Mama Ivyne?"

"Huyu ni mtoto wangu, boss."

"Huyu mzungu? Najua, si nimemwona akija hapa. Nilidhani umefurahi. Nikasema nitakupa nakala kadhaa uchukue nyumbani."

"Na huo mkono ni wa mtoto wangu."

Okinyi akauangalia mkono. Akavua kofia, akaivaa tena. Si mtu mbaya. Ana kodi ya kulipa kama wengine na ana watoto.

"Sasa tutafanyaje," akasema. "Nikukatie mimi?"

"Huijui hii mashine."

"Siijui vizuri. Lakini nikukatie."

"Wacha. Nitakata mwenyewe."

Akazikata. Alipanga rundo baada ya rundo, akaingia ndani ya alama kwa upana wa kidole cha mtoto, akashusha kisu. Vipande vyembamba vilianguka kwenye sanduku la taka, kila kimoja na mkono wake. Jioni wanunuzi wa karatasi kuukuu walikuja na gunia, kama kila siku, wakazoa. Nilimwuliza kwa nini hakukataa. Akasema kwamba angekataa, Okinyi angezipeleka kwa mkataji mwingine wa mtaa ule, na huyo mwingine angekata bila kujua anakata nini.

Kesho yake alikwenda kwenye geti la kijani kabla ya kazi. Bwana Thuo alimwagizia chai. Hakuigusa.

"Bwana Thuo, Syokau amekosa nini kwa hiyo picha?"

"Hakuna kitu amekosa. Picha ilikuwa pana, kalenda ni nyembamba."

"Mkono wake ulitosha. Mkasema utolewe."

Bwana Thuo alipumua. "Mama Ivyne, wewe unachapa, unajua biashara. Mzazi anapita barabarani, anaona uso kama ule, anasema hii shule ni ya kimataifa. Anaingia. Akishaingia anakuta mwalimu mzuri. Kuna ubaya?"

"Na nywele? Ulisema wasichana wote."

"Za Ivyne tuziache kwanza. Mwaka mmoja tu. Mzazi akiingia amtafute yule wa kalenda, amwone."

"Na Syokau?"

"Syokau ni kawaida. Syokau anakata."

Watoto wa shule walikuwa wakiimba wimbo wa taifa uwanjani.

"Hilo punguzo, Bwana Thuo. Ni la watoto wawili, ama ni la nywele?"

"Usiongee hivyo, mama. Mimi nimekusaidia."

"Nikimnyoa Ivyne?"

Mkurugenzi alizungusha kijiko ndani ya kikombe. "Basi itabidi tuongee upya."

Aliondoka bila kuaga vizuri, kitu ambacho si tabia yake. Njia nzima mpaka River Road, aliniambia, alikuwa akifikiria ushuhuda wake. Watu wangeuliza. Mchungaji angeuliza. Na karo ya shule nyingine ingetoka wapi.

Kaindi alirudi jioni hiyo akiwa na vumbi la ukuta nyweleni, maana alikuwa akitoboa njia za nyaya. Alimsikiliza mke wake huku akila. Alipomaliza alisukuma sahani.

"Chukua hiyo nafasi, Nanyama. Hata mimi nimechoka. Kila Jumamosi watoto wanatembezwa kama wanauzwa. Waende wasome."

"Na Syokau?"

"Atakuwa darasani pia. Si wote wamepunguziwa?"

"Wamemtoa kwa picha, Kaindi. Kulibaki mkono, wakasema utolewe."

"Nani aliutoa?"

"Mimi."

Kaindi aliizima redio iliyokuwa ikinong'ona rafuni. Watoto walikuwa chumba cha pili, wakigombania blanketi.

"Nikuambie kitu usikasirike," akasema. "Kila Jumapili unakaa hapo mlangoni na kichwa cha Ivyne mpaka chai inapoa. Mafuta, kitana, utepe. Majirani wanapita wanasifu, na wewe unafurahi. Za Syokau unampa yule msichana wa saluni, robo saa, amemaliza. Sisemi unampenda huyu zaidi. Nasema Syokau huwa anakaa kwa hicho kiti akiwaangalia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ivyne si wa damu yangu. Ningesema hivyo ungedhani nini?"

Nanyama hakulala vizuri. Kwa maneno yake mwenyewe, aliwatembelea Thuo na yule wa Lavington na wale wengine wote kichwani, mmoja mmoja, akiwalaani, na kila alipofika mwisho wa safu alijikuta mlangoni kwake, na kitana mkononi. Akamkumbuka Mwalimu Muthoni na madawati yake. Shule aliyokuwa akiitafuta alikuwa ameifikia Jumamosi ya kwanza, akaikimbia.

Mimi sisemi kunyoa watoto ni jambo jema. Huenda siku moja tutajiuliza kwa nini tumewaaminisha binti zetu kwamba kinachoota kichwani mwao ni uchafu. Lakini maadamu sheria ipo, na iwe juu ya vichwa vyote au isiwe.

Ijumaa ya kwanza baada ya shule kufungwa aliwaambia watoto kwamba wote wawili watanyolewa. Ivyne alishika utepe wake.

"Nitakuwa mbaya?"

"Hapana. Utakuwa kama Syokau."

Syokau akainua uso kutoka kwenye kikombe cha uji. "Mimi ni mbaya?"

Nanyama akamvuta karibu. "Hapana. Na ndio maana hata yeye hatakuwa mbaya."

Kibanda cha kinyozi wanayemtumia kiko karibu na kituo cha magari cha Kangemi. Kinyozi ni Sammy, kijana mwenye maneno mengi. Jumamosi ile vijana wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Karibu, mathe. Huyu mdogo tena?"

"Mdogo unyoe. Na mkubwa."

Sammy akashika nywele za Ivyne zikamjaa mkononi. "Hii? Mathe, watu wanalipa ndio wapate hii."

"Kata."

"Si nipunguze tu kidogo kwa ncha?"

"Sammy, kata kama za huyu."

"Sawa. Lakini nisishtakiwe." Akawasha mashine, kisha akaizima, akatazama ukutani. Pale juu ya kioo, kati ya picha za mitindo na za wachezaji mpira, ilining'inia kalenda ya mwaka ujao. Zilikuwa zimegawiwa bure barabarani wiki nzima. Sammy akatazama kalenda, akatazama kiti.

"Kwani huyu ni yule?"

"Ni yeye."

"Sasa mathe, unaharibu kalenda ya watu."

Vijana wa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema shule itabidi ichore nywele kwa kalamu. Mwingine akasema waandike chini kwamba picha ni ya zamani. Hata Ivyne alitaka kucheka, lakini mashine ilikuwa imeshaanza na fungu la kwanza la nywele likaanguka mapajani mwake, akafumba macho. Machozi yalitoka bila sauti. Mama yake alimshika bega na hakumwambia anyamaze.

Syokau alikuwa amesimama juu ya benchi akiitazama kalenda kwa karibu. Akaweka kidole ukutani, nje kidogo ya ukingo wa karatasi.

"Mimi nilikuwa hapa."

"Wapi, mrembo?" akauliza Sammy.

"Hapa. Nimemshika mkono."

"Hapo ni ukuta tu."

"Alikuwa hapo," akasema Nanyama. "Endelea na kazi."

Januari waliingia kwa Mwalimu Muthoni. Karo haina punguzo. Kaindi anachukua kazi za Jumapili mchana, jambo ambalo mimi silipendi, lakini sijamwambia. Kanisani waliuliza, kama alivyoogopa. Nanyama alisimama tena mbele akasema kwa ufupi kwamba ule ushuhuda wa Oktoba alikosea, watoto wako shule nyingine, kisha akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Kwangu mimi huo ndio uliokuwa ushuhuda.

Mwalimu Muthoni alikuwa getini siku ya kufungua, akipitisha kiganja juu ya kila kichwa kama mtu anayekagua maboga. Alikipitisha juu ya kichwa cha Ivyne, akakipitisha juu ya kichwa cha Syokau.

"Umerudi," akamwambia mama yao.

"Nimerudi, mwalimu."

"Nani mkubwa?"

Ivyne akainua mkono. Nanyama aliniambia kwamba katika mizunguko yote ile waliulizwa baba yuko wapi, waliulizwa mtoto ni wa nani, na hakuna mtu mwingine aliyeuliza nani mkubwa.

"Basi wewe ndiye utakuwa ukimvusha barabara. Ingieni."

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yamekwisha. Kabla ya saa nne ya siku hiyo ya kwanza, watoto watatu walimwita Ivyne mzungu aliyenyonyoka. Syokau alimrukia mmoja akampiga puani. Mwalimu Muthoni hakufanya uchunguzi mrefu. Watatu waliotukana walifagia uwanja mzima, na Syokau aliyepiga akafagia pamoja nao.

Jioni Nanyama alifika kutoka River Road, akavua viatu, akakaa kwenye kile kiti kilicho karibu na mlango. Syokau alikuja kusimama mbele yake, magoti yana vumbi jekundu.

"Mama, nimepewa adhabu."

"Na hao wengine?"

"Wamepewa pia."

"Ilikuwa adhabu moja?"

"Moja. Tulifagia. Wao ndio walianza, mama."

"Wewe ulipiga mtu?"

"Nilipiga."

"Basi ni sawa," akasema Nanyama. Akaegemeza kichwa ukutani, na Kaindi alipoingia alimkuta amelala hivyohivyo, watoto wakila viazi kutoka sahani moja, wakizozana nani amechukua kikubwa.